Mraba kwenye Landrova ya Vitus

Mume wangu Hamidu akipaka gari rangi huanzia boneti. Niulizeni mimi, maana nimeolewa naye miaka thelathini na minane, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo nimekuwa nauza chai na chapati pembeni ya gereji yake, hapa hapa Same, kando ya barabara kuu. Boneti kwanza, halafu milango, nyuma mwisho. Aliwahi kuja bwana mmoja na gari lililokwaruzwa mlango tu, mwenyewe ana haraka zake, na Hamidu akamkwangulia boneti isiyokuwa na hata alama. Yule bwana alifoka mpaka akachoka. Hamidu akaendelea na msasa wake.

Ndivyo alivyo. Kiziwi wa kujitakia. Na siku hizi amechoka, nasema wazi. Ana miaka sitini na sita, mafusho ya rangi yameshamkaa kifuani, akipanda vidaraja vitatu vya msikiti anasimama kwenye cha pili apumue. Watoto wanapiga simu kutoka Arusha, "Baba, acha kazi," naye anawaitikia, "Nimalizie hii tu." Hiyo "hii tu" sasa ina mwaka wa saba. Mimi mwenyewe nimechoka, na jua, na vumbi, na huu upepo wa Same usiojua kupumzika. Nawaambieni mapema mjue mnamsikiliza nani. Maneno matamu sina.

Basi, mwaka huu mwezi wa Juni likaja Fuso limebeba Landrova kuukuu, imefungwa kamba kila upande. Akashuka mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, shati limechomekewa, kalamu mfukoni. Prosper, mtu wa Usangi, anafanya kazi za bima huko Moshi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hili umelifukua wapi?"

"Kwakoa, kwa mfugaji mmoja. Kuku walikuwa wanatagia ndani."

Hamidu akacheka kidogo. Ndicho kicheko cha mwisho nilichokiona kwake kwa wiki nzima.

Prosper akaagiza chai, akaeleza habari yake pale pale kwenye benchi langu. Landrova ile ilikuwa ya zahanati moja ya misheni huko milimani. Mwaka sabini na nane, vita vya Kagera vilipoanza, serikali ilikusanya magari ya watu na ya mashirika yakapeleke askari na vyakula. Landrova nayo ikachukuliwa pamoja na dereva wake, na dereva huyo alikuwa Vitus, baba yake Prosper. Vita vilipoisha gari lilirudi. Vitus hakurudi, alizikwa huko huko mbali. Mkewe Ernesta alibaki na mimba, na mimba yenyewe ndiye huyu Prosper anayekunywa chai yangu.

Gari likauzwa, likauzwa tena, likapakwa kijani, likapakwa nyeupe, mpaka likafia kwa kuku. Prosper alilitafuta miaka minne kwa namba za kadi yake ya zamani ya gari. Sasa alitaka lirudi kama lilivyokuwa siku baba yake alipoliendesha vitani, mpaka alama ya kikosi kwenye mlango wa dereva, halafu alipeleke Usangi kwenye ibada ya kumkumbuka.

"Kitu kimoja tu, mzee," akasema. "Kwangua taratibu. Tabaka moja moja. Chini kabisa kuna alama ya jeshi, nataka kuiona rangi yake kwa macho yangu."

Akatoa picha. Ya zamani, nyeusi na nyeupe. Kijana mwembamba ameegemea gari, anacheka, na mlangoni kuna mraba umepakwa kwa brashi.

"Kuna mzee mmoja alipigana, aliniambia," Prosper akaendelea. "Kwenye msafara ule, mraba wa buluu ni magari ya chakula, yanabaki nyuma. Mraba mwekundu ni yanayovuka na wapiganaji. Baba alimwandikia mama barua, 'Nimepangwa chakula, niko nyuma, nitarudi kabla hujajifungua.' Halafu akafia mbele, ng'ambo ya mto. Mama mpaka leo anasema alitudanganya. Anasema alijitolea kwenda mbele apate sifa, akamwacha na tumbo lake. Mimi nataka kujua. Na picha haisemi, buluu na nyekundu zote hapa zimetoka kijivu."

Hamidu aliishika ile picha muda mrefu. Akamrudishia. Akasema tu, "Njoo baada ya wiki."

Kesho yake asubuhi nafika na kuni zangu, namkuta ameshafika. Yuko kwenye mlango wa dereva. Si boneti, mlango! Anakwangua kwa nguvu zote, jasho linamtiririka, nyeupe imeondoka, kijani imeondoka, na chini pale ameshafika kwenye bati tupu.

"Hamidu! Si umeambiwa taratibu?"

"Mazoea," akasema.

Mazoea gani! Nikaweka kuni chini, nikamwangalia. Mtu ambaye hajawahi kuanzia mlango maisha yake yote ananiambia mimi mazoea. Lakini wateja walikuwa wameshaanza kuita chai, nikaenda.

Prosper alikuja kabla ya wiki kwisha. Alipouona mlango ule unang'aa, alishika kichwa. Jamani, mtu mzima yule nusura alie. "Mzee, nilikuomba! Nilikuomba kitu kimoja tu!" Ni kweli mafundi wetu huku ndivyo walivyo wote, gari likija huvuliwa mpaka uchi, ndiyo sifa ya kazi safi, na mteja mwingine angeshukuru. Prosper mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana alisisitiza. Hamidu akawa anarudia lile lile neno lake la mazoea huku anaangalia chini.

"Hukuona chochote ulipokuwa unakwangua? Hata kidogo?"

"Sikuona."

Prosper akakaa kwenye benchi langu, chai ikapoa mbele yake. Mwisho akasema Jumamosi atamleta mama yake, labda akiliona gari atakumbuka kitu alichowahi kuandikiwa au kuambiwa. Akaondoka bila hata kuaga vizuri.

Nilimsubiri Hamidu atoke kuswali alasiri. Nikamwekea chai, nikakaa mbele yake, nikamwambia leo hutoki hapa mpaka useme. Umeanzia mlango. Kwa nini umeanzia mlango?

Akasogeza kikombe pembeni. Halafu akaanza kusema, na alisema kwa sauti ya chini mpaka nikalazimika kusogea.

Mimi nilijua alikwenda vitani. Alikuwa mgambo, kijana wa miaka kumi na tisa. Lakini kila nikimuuliza alifanya nini huko, alinijibu, "Nilipaka rangi," na miaka yote hiyo nilidhani ni utani wake. Kumbe kweli. Huko Mwanza magari yalikusanywa uwanjani, wakauliza nani anajua kuandika vibao, yeye akanyoosha mkono, akapewa brashi na makopo mawili. Buluu na nyekundu. Kutwa nzima anapaka miraba kwenye milango, na gari lisilo na mraba halipewi mafuta wala dereva wake hapewi chakula.

"Jua linazama, buluu ikaniishia," akasema. "Yamebaki magari manne. La mwisho ni la Vitus. Tulikuwa tumeshasalimiana Kipare, tukafurahi, unajua mtu ukikutana na mtu wa kwenu mbali namna ile. Aliniambia mkewe ana mimba. Aliniambia amepangwa chakula. Nikamwambia, kaka, buluu imekwisha, subiri kesho. Akasema, 'Mdogo wangu, tangu jana sijala, nipakie hiyo hiyo nyekundu nipate mafuta na ugali, kesho utanibadilishia.' Akanishikia na kopo. Nikampakia. Nilikuwa nimechoka, Saada. Mkono huu nilikuwa siusikii."

"Halafu?"

"Halafu nikalala. Wakubwa walikuja alfajiri wakayapanga magari kwa rangi. Nilipoamka mekundu yote yalikuwa yameshaondoka."

Aliujua mwisho wake miezi miwili baadaye, kwa dereva mwingine. Hakumwambia mtu. Si mkubwa wake, si mama yake, wala si mimi. Nilikasirika, sitaki kuwaficha. Miaka thelathini na minane nalala na mtu, nampikia, namkanda kifua akikohoa, na kumbe kuna marehemu kati yetu sijawahi kutambulishwa. Nilimwambia hivyo hivyo.

Hasira zilipopungua ndipo nikatumia akili, au niliyodhani ni akili. Nikamwambia, "Paka buluu. Ndiyo iliyokuwa haki yake, si ndiyo? Alipangwa buluu. Yule kijana atafurahi kwamba baba yake hakuandika uongo, mama atatulia, na wewe utapumzika. Nani atakuuliza?"

"Itakuwa si kweli."

"Hamidu, una miaka sitini na sita. Ukweli uliukwangua mwenyewe Jumatatu."

Ndivyo nilivyomwambia, na ninajuta. Alinisikiliza. Ijumaa baada ya swala alichanganya buluu, akapaka mraba kwa brashi, si kwa kompresa ya kupulizia, kama ulivyo kwenye picha. Gari lote lilikuwa limeshakuwa la kijani kibichi cha jeshi. Lilipendeza, nisiseme uongo. Lakini kila alipopita mbele ya ule mlango alitazama pembeni.

Jumamosi saa nne Prosper akafika na mama yake. Mama Ernesta ni mwanamke mrefu, mkavu, kitenge chake kimenyooka, anatembelea fimbo lakini haiegemei. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikamvutia kiti, akakataa. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye Landrova, akasimama mbele ya mlango wa dereva, akautazama mraba.

"Buluu," akasema.

"Buluu, mama," Prosper akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtoto. "Fundi amekumbuka, alikiona kipande wakati anakwangua. Unaona? Barua ilikuwa kweli. Alipangwa nyuma!"

Ndivyo Hamidu alivyomdanganya kwenye simu. Nikajipongeza moyoni. Mungu anisamehe.

Mama Ernesta hakutabasamu. Alitikisa kichwa polepole.

"Kwa hiyo alipangwa nyuma," akasema. "Alikuwa na gari la chakula, na amri ya kukaa nyuma, na barua ameandika. Basi aliacha kazi yake kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna aliyempeleka mbele. Mimi nilikuwa nikijipa moyo, usiku mwingine nasema labda walimlazimisha. Sasa nimeona. Alikwenda mwenyewe." Akamgeukia mwanawe. "Asante kunileta. Twende nyumbani. Hiyo ibada fanyeni ninyi, mimi sitakaa mstari wa mbele kumlilia mtu aliyenikimbia."

Loo! Buluu yangu ile ya akili ilikuwa imemmaliza kabisa. Mama wa watu ameshageuka, fimbo inagonga kokoto.

"Mama," Hamidu akaita. "Subiri. Rangi hiyo si yake."

Akageuka.

"Ilikuwa nyekundu. Niliipaka mimi. Mwanza, mwaka ule." Alisimama wima, mikono pembeni, kama mtoto aliyeitwa mbele ya mwalimu. "Mume wako alipangwa buluu. Aliniambia mwenyewe. Buluu ikaniishia, nikampakia nyekundu, nikasema kesho nitabadilisha. Nikalala. Walipangwa kwa rangi alfajiri. Hakujitolea, mama. Alipelekwa na mraba wangu."

Lori lilipita barabarani. Prosper alikuwa anamtazama Hamidu kama hamjui.

"Hakujitolea," mama akasema.

"Hakujitolea."

"Na yeye je? Wakati unapaka nyekundu alikuwa wapi? Hakuona? Hakukukataza?"

Nikamtazama Hamidu. Jibu nilikuwa nalijua, alinipa mwenyewe kwenye benchi. Nikasema moyoni, haya, sema sasa, sema aliomba, sema alikushikia kopo, nusu ya mzigo itoke mgongoni kwako.

"Alikuwa amelala, mama," Hamidu akasema. "Ndani ya gari. Sikumwamsha. Waliondoka bado giza, sidhani kama aliuona mlango wake."

Mama Ernesta akafunga macho. "Vitus na usingizi," akasema. "Akishalala, hata mvua ya mawe ingepita." Ndipo akalia. Hakulia kwa kelele, alilia huku amesimama, machozi yanashuka tu, na Prosper alipotaka kumshika alimzuia kwa fimbo.

"Nimemtukana, Prosper. Ulipokuwa tumboni nilimtukana, ulipozaliwa nikamtukana. Mwanao alipokuja ulitaka kumpa jina la babu yake kama watu wote wanavyofanya, nikakwambia nikiwa hai jina hilo haliitwi nyumbani kwangu. Ukamwita Faraja kwa ajili yangu. Mtu wa watu hana kosa! Miaka arobaini na sita, na hana kosa!" Akaweka kiganja juu ya boneti. "Nisamehe, baba. Nisamehe."

Alikaa hivyo mpaka mkono ukamchoka. Halafu akajifuta uso kwa upande wa kitenge, akamtazama mume wangu.

"Paka nyekundu," akasema. "Ndiyo aliyokufa nayo. Na kwenye ibada, fundi, usije. Umenirudishia mume wangu, naliona hilo, lakini ndiye wewe uliyemchukua. Siwezi kukuona siku hiyo."

"Sawa, mama."

Prosper alipita karibu na Hamidu akifungua mlango wa gari lao dogo. Asubuhi alipofika alimpa shikamoo kwa mikono miwili. Sasa alipita kama anapita karibu na mti.

Walipoondoka nililipuka. Nilikuwa nimejaa mpaka hapa. "Alikuwa amelala! Nani alikuwa amelala? Wewe ndiye uliyelala! Yeye alikuwa macho, ana njaa yake, anakubembeleza, kopo la rangi mkononi! Mbona umebeba peke yako? Sasa kuanzia Usangi mpaka Mwanga watasema Hamidu wa Same ndiye aliyemuua Vitus, nawe ungeweza kusema neno moja tu!"

Alikuwa ameshachukua msasa, amechuchumaa mbele ya mlango, anaiondoa buluu. Taratibu safari hii, tabaka moja moja.

"Angemrudia," akasema.

"Angemrudia nani?"

"Vitus. Angejua kwamba aliomba mwenyewe, kwa ajili ya sahani ya ugali. Angeanza tena." Akakohoa mpaka akashika ukuta. "Ameshamchukia vya kutosha, Saada. Niletee maji."

Nilikuwa na la kusema, na lilikuwa kali. Nikampelekea maji. Alikunywa, akanirudishia kikombe, akaendelea, na nikaona mkono wake wa kulia hauna nguvu, anausukuma kwa wa kushoto. Wateja wawili walikuwa wanaita chai. Nikawaambia chai imekwisha. Nikachukua kipande cha msasa, nikachuchumaa upande wa pili wa mraba, nikaanza kukwangua na mimi.